Jinsi ya kuandika stori ya mtoto aliyetengwa kumbe ana jambo lake

Anza na sababu ya kutengwa, na iwe ya huku kwetu, usiandike tu "walimchukia" ukapita. Tuseme binti analelewa na bibi yake kijiji cha karibu na Tendaguru, Lindi, msimu wa korosho akisogea kwenye mkorosho wenzake wanahamia mwingine, anabaki ananyonyoa korosho kwenye mabibo peke yake mikono inanata utomvu. Hapo msomaji ashaumia.

Alafu kipaji kitoke humohumo kwenye upweke, hii ndo siri kubwa jamani, kwa sababu anazurura porini mwenyewe ndo maana yeye ndo anauona mfupa kwenye korongo. Na historia ipo kweli, Wajerumani walichimba mabaki ya dainosaria pale 1909 hadi 1913, wapagazi wakabeba kwa miguu mpaka bandarini Lindi, mifupa ikaenda Berlin na ipo mpaka leo. Basi babu wa bibi yake awe mmoja wa wale wapagazi, aliacha agizo.

Uchawi weka kidogo tu. Na wale waliomtenga wasimpende ghafla akishakuwa shujaa, mmoja aje kumwomba radhi, wengine waendelee kununa.