Jinsi ya kumlea kiongozi ajaye kwenye biashara yako bila kumnyang'anya usukani

Kama kila kitu kwenye biashara lazima kipite kwako, hapo huna timu, una wasaidizi tu. Na kumlea mtu kikazi sio kumpa mawaidha kila Ijumaa, ni kumpa kazi yenye uzito alafu umwamini nayo.

Anza na mmoja. Usichukue anayekusifia, chukua yule anayekuja kukwambia "bosi hapa tumekosea" kabla hujagundua mwenyewe, huyo ndo dhahabu.

Mwanzoni akae pembeni yako, aone unavyoongea na mteja mwenye hasira, unavyokataa oda usiyoiweza, na mkitoka kikaoni mwambie kwanini pale ulinyamaza na kwanini ulikubali kushusha bei. Wengi tunaonyesha kazi ila sababu hatusemi, na sababu ndo somo lenyewe.

Kisha mwachie uamuzi mmoja, mzima. Mpe mpaka wake, mfano punguzo lisizidi asilimia 10, humo ndani aamue mwenyewe bila kukupigia simu.

Hapa ndo panapoharibika. Bosi wangu wa kwanza alinipa niandae bei za tenda, nikakosea kuzidisha mstari mmoja, mteja akauona, bosi akavuta karatasi mkononi mwangu palepale mezani akaendelea yeye. Hakunigombeza wala nini, lakini toka siku ile kila namba nilikuwa nampelekea aipitie, hata za vitu vidogo kabisa, miezi na miezi, na yeye akawa analalamika eti sijiamini. Kwa hiyo wako akikosea mbele za watu mwache arekebishe kwa mdomo wake, kuchambua mtachambua mkibaki wawili.

Na sio lazima uijue kazi yake kumzidi. Bill Campbell alikuwa kocha wa futiboli ya Kimarekani chuo kikuu cha Columbia, uinjinia hakusomea, ila Steve Jobs wa Apple na Eric Schmidt wa Google wote walimtegemea kwa ushauri.

Siri zake zitunze. Akikwambia kuna kazi ameitiwa kwingine, likifika kwa wenzake basi hatakuja kukwambia kitu tena. Na ukisema Alhamisi saa nne mnakaa, kaeni.

Siku akianza kukuletea habari mbaya mapema, kabla hujazisikia kwa wengine, hapo msogezee mpaka wake mbele, asilimia 10 iwe 15.