Namna ya Kubahatisha kwa Hesabu katika Maswali ya Kuchagua

Hatua ya kwanza hufanyika kabla ya siku ya mtihani: soma kanuni ya usahihishaji, kwani ndiyo inayoamua kama kubahatisha kuna faida. Katika SAT, mtihani wa kuombea nafasi vyuoni Marekani, tangu mwaka 2016 jibu lisilo sahihi halikatwi alama, kwa hiyo kuacha swali wazi ni kupoteza nafasi bure. Katika JEE Main, mtihani wa kuingia vyuo vya uhandisi India, jibu sahihi hupewa alama 4, na kosa katika swali la kuchagua hukatwa alama 1. Kwa kuwa majibu ni manne, anayebahatisha gizani atapata, kwa wastani, swali moja kati ya manne: alama 4 ziingie, 3 zitoke. Faida hiyo ni nyembamba mno. Lakini akifuta majibu mawili kwanza, kila maswali mawili humwachia alama 3.

Hatua ya pili, basi, ni kufuta, na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi na wanafunzi wangu. Chukua swali hili: bei imepanda kwa asilimia 20, kisha ikashuka kwa asilimia 20, sasa ni asilimia ngapi ya bei ya mwanzo? Majibu ni A 100, B 96, C 104, D 80. Kabla ya kukokotoa chochote, ona kwamba punguzo limetolewa kwenye bei iliyokwisha kupanda, hivyo ni kubwa kuliko nyongeza; A na C zinaanguka. D ni mtego wa aliyesahau kwamba bei ilipanda kwanza. Inabaki B.

Hatua ya tatu: swali likikugomea, futa unaloweza kufuta, liwekee alama, kisha songa mbele na ulirudie baadaye.

Hatua ya nne: dakika za mwisho, ikiwa makosa hayakatwi alama, jaza yote yaliyobaki kwa herufi moja. Herufi C haina baraka yoyote, ingawa wanafunzi hunibishia kila mwaka; herufi moja inakuokolea muda tu. Jibu ulilokwisha kulichagua libadilishe pale tu unapoweza kutaja sababu.

Kwenye karatasi ya kusiliba, yaani ile ya kujaza weusi kwenye kiduara cha jibu, kila unaporuka swali linganisha namba ya swali na namba ya mstari, maana niliwahi kuwa na mwanafunzi aliyeruka swali la 14 na kusiliba majibu yote yaliyofuata mstari mmoja juu.