Namna ya Kusafiri kwa Treni ya TAZARA Bila Haraka

Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Kwa hiyo usijiwekee miadi yoyote siku ya kufika. Ulizia ratiba mapema kituoni, kisha ukate tikiti ya behewa la kulala na kuchagua kitanda cha juu ukipenda utulivu, kwa kuwa cha chini mchana huwa kiti cha wote.

Baina ya Mlimba na Makambako, ambako reli hupanda milima kwa madaraja na mahandaki mengi, simama dirishani kwenye korido: giza huingia ghafla, mazungumzo hukatika, halafu bonde hufunguka upande wa pili likiwa limejaa ukungu. Hapo weka kalamu chini, utazame tu. Mimi huandika usiku, ingawa asubuhi mwandiko wangu huwa umetikisika kiasi cha kunishinda kuusoma.

Vituoni, nunua ndizi kupitia dirishani ukiwa na fedha kamili, kwani treni haimsubiri muuzaji atafute chenji.