Kufundisha Kiingereza Japani: Nyaraka Kwanza, Tiketi Baadaye

Mtu anayetoka Afrika Mashariki na kutaka kufundisha Kiingereza nchini Japani aanze na sharti ambalo matangazo mengi ya kazi hulipitia juu juu. Viza ya ualimu, inayotolewa kwa wasaidizi wa walimu wa lugha katika shule za msingi na sekondari, humtaka mwombaji awe na shahada ya chuo kikuu au leseni ya ualimu, na zaidi ya hapo aonyeshe kwamba amesomeshwa kwa Kiingereza kwa miaka 12 au zaidi. Kinachohesabiwa ni miaka ambayo Kiingereza kilikuwa lugha ya kufundishia, si miaka ambayo kilikuwa somo tu.

Hapo ndipo Mtanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali hukwama. Miaka yake saba ya msingi ilikuwa ya Kiswahili; akijumlisha minne ya kidato cha kwanza hadi cha nne, miwili ya kidato cha tano na cha sita, na mitatu ya shahada, anapata miaka tisa. Aliyesoma shule ya msingi inayofundisha kwa Kiingereza, pamoja na Wakenya na Waganda wengi, huvuka kiwango hicho, ila naye asitarajie kuaminiwa kwa maneno. Aombe kila shule na chuo alichosoma barua yenye mhuri inayotaja lugha ya kufundishia na miaka aliyokaa hapo, na aanze mapema, kwa sababu mkuu wa shule huhamishwa na kumbukumbu hupotea.

Shule binafsi za mazungumzo ya Kiingereza, ambazo hufundisha zaidi jioni na mwishoni mwa wiki, hutumia viza ya aina nyingine ambayo sharti lake kuu ni shahada, ingawa waajiri wengi huko pia hudai ile miaka 12. Mpango wa serikali ya Japani uitwao JET, unaoleta wageni kusaidia kufundisha lugha shuleni na ulioanza mwaka 1987, hupokea raia wa nchi zinazoshiriki tu, kwa hiyo swali la kwanza kwa ubalozi wa Japani liwe kama nchi yako imo mwaka huu.

Ukishapata mwajiri, yeye ndiye hukuombea cheti cha kustahiki ukaazi, yaani hati inayotangulia viza, katika idara ya uhamiaji ya Japani. Uhamiaji hautozi ada kwa ombi hilo. Wakala anayekudai fedha "za cheti" anastahili kutiliwa shaka. Cheti hudumu miezi mitatu, na ndani ya muda huo unatakiwa kuchukua viza ubalozini na kuingia nchini. Usikubali kutangulia kwa viza ya utalii huku ukifanya kazi, hata mwajiri akisema mambo yatarekebishwa ukiwa huko. Kumbuka pia kwamba mwenye viza ya ualimu hawezi kufundisha jioni katika shule ya mazungumzo bila kibali cha ziada.

Fedha za mwanzo ziwe nyingi kuliko unavyodhani, kwani mshahara wa kwanza huweza kuchelewa hadi mwisho wa mwezi wa pili, na mwenye nyumba anaweza kudai amana, "shukrani" isiyorudishwa na ada ya mdhamini kwa pamoja. Nyumba iliyotafutwa na mwajiri mara nyingi huwa nafuu ya kweli, hata ikiwa ndogo. Ukishapata makazi, una siku 14 za kuandikisha anwani yako katika ofisi ya manispaa. Huko utauliza pia kuhusu bima ya afya, ambayo kwa kawaida humwachia mgonjwa asilimia 30 ya gharama za matibabu.

Kodi ya ukaazi hukokotolewa kwa kipato cha mwaka uliopita na huanza kudaiwa mwezi Juni, hivyo mgeni hufurahia mwaka wa kwanza bila kuilipa na kushtuka wa pili. Tenga kiasi kila mwezi. Anayeondoka moja kwa moja baada ya kuchangia pensheni kwa miezi sita au zaidi anaweza kuomba sehemu ya michango yake irudishwe, mradi aombe ndani ya miaka miwili tangu aondoke.