Joto la vifaranga Dodoma: taa ipande mchana, ishuke usiku

"Dodoma kwenyewe joto, taa ya nini?" Wanaoanza kufuga huuliza hivyo kila mara, na ukitazama jua la saa nane mchana unaweza kukubaliana nao. Lakini vifaranga hawafi saa nane mchana. Wanakufa saa kumi alfajiri, mwezi wa sita au wa saba, wakati mwenye banda amelala na blanketi mbili.

Kati ya mwezi wa sita na wa nane, mchana wetu hufika nyuzi 26 au 27, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Juu ya hapo kuna upepo wa kiangazi unaovuma kutoka mashariki na kusini mashariki, unaopenya kila ufa. Kifaranga wa siku moja ana malaika tu, manyoya hajaota, na hawezi kujitunzia joto la mwili mpaka afike kama wiki ya tatu. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35 pale anapokaa. Baada ya hapo punguza nyuzi 3 hivi kila wiki mpaka ufike 21 au 22. Kwa hiyo shida yetu si ukosefu wa joto. Shida ni kwamba joto la banda halitulii, na taa iliyofungwa mahali pamoja kuanzia asubuhi hadi asubuhi itawaunguza mchana na kuwaacha na baridi usiku.

Anza na chumba kabla hujanunua taa. Banda la bati lenye kuta za wavu ni baya kwa kulea: bati linachemka mchana, na jua likizama linapoa haraka. Chumba cha tofali za udongo, au tembe la zamani lenye kuta nene, hupata joto polepole na kulipoteza polepole, hivyo taa inasaidiwa nusu ya kazi. Wapo wanaolicheka tembe siku hizi. Kwa kulea vifaranga mimi ningelichagua kabla ya banda jipya la bati, mradi liwe na tundu la hewa juu na lisiwe na panya. Kama una banda la bati tu, weka dari ya magunia au turubai, na uzibe upande wa mashariki kwa turubai kuanzia chini hadi usawa wa kiuno. Juu acha wazi. Hewa ipite juu ya vifaranga, isiwapige mgongoni.

Ndani ya chumba tengeneza bruda, yaani kizimba cha kulelea vifaranga, ya mduara kwa hadibodi, bati jembamba au maboksi magumu, kimo cha sentimita 45 hivi. Usiache kona, maana vifaranga wakipata baridi hujazana konani na walio chini hukosa pumzi. Kwa vifaranga 100, mduara wa mita moja na nusu hadi mbili kutoka ukingo hadi ukingo unatosha wiki ya kwanza, kisha unaupanua. Chini weka maranda makavu, unene wa sentimita 5 au zaidi. Maganda ya karanga, ambayo Kongwa hayana shida kupatikana, yanafaa yakiwa makavu kabisa. Yakilowa chini ya joto la taa huota ukungu, na ukungu huo huingia kwenye mapafu ya vifaranga.

Sasa taa. Balbu za LED na zile za enaji seva hazifai kwa kazi hii, hata zikiwaka kumi. Zimetengenezwa zitoe mwanga bila kupoteza umeme kwenye joto, na wewe unalitaka hilo hilo joto. Kinachotakiwa ni taa ya infraredi, yaani balbu ya kutoa joto, hasa nyekundu, kwa kuwa mwanga wake hauwasumbui kulala na hupunguza kudonoana. Moja ya wati 250 inahudumia vifaranga 75 hadi 100. Ukiweza, nunua mbili ndogo badala ya moja kubwa. Moja ikiungua usiku, nyingine itawafikisha asubuhi.

Itundike kwa mnyororo, kamwe usiitundike kwa waya wake wa umeme. Holda iwe ya kauri, kwa sababu ya plastiki huyeyuka. Taa iwe na kofia ya bati na wavu wa kuzuia balbu isigusane na maranda ikidondoka, na vyombo vya maji vikae mbali nayo, maana tone moja la maji baridi linaweza kupasua kioo chenye moto. Anza na umbali wa sentimita 45 hadi 60 kutoka kwenye maranda, halafu rekebisha. Mnyororo una faida hii: unapandisha pete mbili saa nne asubuhi, unashusha pete mbili jua likizama.

Taa usiiweke katikati kabisa. Isogeze upande mmoja wa mduara, ili upande wa pili ubaki na ubaridi kiasi, na chakula na maji viwe kati ya pande hizo mbili. Kifaranga akisikia joto anaondoka, akisikia baridi anarudi. Ukipasha mduara wote sawasawa umemnyima pa kukimbilia, na hapo kosa lako dogo la nyuzi mbili au tatu litamwumiza.

Kipimajoto kining'inie usawa wa mgongo wa kifaranga, sentimita 5 hivi juu ya maranda, ukingoni mwa mwanga wa taa. Kilichopigiliwa ukutani kwenye usawa wa macho yako kinapima joto lako wewe. Hata hivyo, vifaranga wenyewe ndio wa kuaminiwa zaidi. Wakijazana chini ya taa na kulia kwa sauti kali, wana baridi: shusha taa. Wakikimbilia ukingoni, midomo wazi na mabawa yameachwa, wana joto: pandisha. Wakisongamana upande mmoja tu, mbali na taa, kuna upepo unaingia upande wa pili, tafuta ufa. Wakitawanyika, wengine wanakula, wengine wamelala kifudifudi wametulia, usiguse kitu. Ukaguzi wenye maana ni ule wa saa nne usiku na ule wa alfajiri. Ule wa mchana kila mtu anaufanya.

Washa taa siku moja kabla vifaranga hawajafika, maranda na sakafu vipate moto. Wengi wetu tunaletewa vifaranga kwa barabara kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400, na wanafika wamechoka na wana kiu. Wape maji kwanza, chakula kifuate muda mfupi baadaye. Zikipita saa nane hivi tangu wafike, shika wachache upapase gole, kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo: likiwa limejaa na ni laini, joto na maji viko sawa. Gole tupu mara nyingi maana yake ni kifaranga aliyekaa anatetemeka badala ya kula.

Gharama nayo ihesabiwe mapema. Taa ya wati 250 ikiwaka saa 24 inakula uniti 6. Wiki mbili ni uniti 84. Mwenye luku ya matumizi madogo, yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, ajue atakipita na uniti za ziada ni ghali zaidi. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja, joto likiwa kali, kuanzia wiki ya pili unaweza kuizima saa tano asubuhi na kuiwasha jioni, mradi kipimajoto kikubali.

Umeme ukikatika, madumu ya maji ya moto yaliyofungwa magunia yatawashikilia saa kadhaa. Jiko la mkaa linasaidia, ila liwashiwe nje mpaka moshi uishe, likae juu ya tofali na kuzungushiwa wavu, na tundu la hewa libaki wazi. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoua vifaranga na watu vilevile. Usilale chumba chenye jiko kwa sababu yoyote, na usimlaze mtoto humo eti alinde vifaranga.

Kufikia wiki ya nne, manyoya yakiwa yamefunika mgongo na kifua, zima taa usiku mmoja na uwatazame alfajiri. Wakiwa wametawanyika, endelea bila taa. Wakiwa rundo moja, warudishie siku tatu nne kisha ujaribu tena. Mwezi wa saba hilo huweza kufika wiki ya tano. Mnyororo usiuondoe mpaka wamalize wiki nzima bila kujazana.