Jinsi ya kukagua tundu la kasuku hatua kwa hatua

Kazi yangu ni kulea kasuku wa watu wenyewe wakisafiri. Wananiachia ndege na tundu lake, na mimi kabla ya kumzoea ndege naanza na tundu. Sababu ni kwamba sisi tunakagua kwa macho lakini kasuku anakagua kwa mdomo, ulimi na vidole, siku nzima, hana kazi nyingine, kwa hiyo kitu ambacho we unaona kiko poa yeye baada ya muda atakuwa ameshakilegeza au amekimeza au ameingiza kidole humo. Andaa rula, siki, brashi ngumu, mkasi mdogo wenye ncha, taa ya simu.

Hatua ya 1: Mtoe ndege

Mweke kwenye tundu lingine au chumba kilichofungwa madirisha, feni imezimwa, ndoo za maji zimefunikwa. Usikague na yeye yumo ndani, hutamaliza.

Hatua ya 2: Pima nafasi kati ya waya na waya

Chukua rula upime kabisa, usikadirie. Kasuku wadogo kama baji na kokatieli wanataka nafasi ya sm 1.2 hivi, isizidi 1.5. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, sm 2 mpaka 2.5. Kasuku wakubwa aina ya makaw wanaenda mpaka 3.5 hivi. Hatari ni kichwa, kikipita kichwa mwili ukakwama anaanza kuvuta kurudi nyuma kwa nguvu zote na hapo ndo shingo inaumia. Afu angalia na zile nakshi za chuma zilizopinda pinda juu ya mlango, na matundu ya duara ambayo waya zinakutana juu kileleni, nafasi inaanza pana inaishia nyembamba kabisa, kidole kinaingia huku chini kikiteleza juu kimebanwa. Mi matundu ya duara simshauri mtu, hata liwe zuri vipi.

Hatua ya 3: Chuma chenyewe

Waya uliopakwa zinki kuzuia kutu ni sumu kwa ndege anayetafuna, na madini ya risasi ndo mabaya zaidi, yanakaa kwenye solda (ile risasi ya kuyeyusha ya kuungia vyuma), kwenye rangi za zamani, na kwenye vitu vya kuchezea vya bei chee. Pitisha kidole kwenye waya, ukiona ungaunga mweupe au vitone vya chuma vilivyoganda kwenye maungio, kwangua, sugua kwa siki na brashi, suuza, kausha juani. Hiyo inapunguza tu, haimalizi, kwa hiyo kama ndege wako ni mtafunaji wa waya badilisha tundu, chuma cha pua ndo salama kuliko vyote. Tundu la rangi halina shida mpaka rangi ianze kubanduka, ikibanduka anaendelea pale pale kila siku.

Dalili za sumu hizi zishike kichwani: anakunywa maji kupita kawaida, kinyesi kinabadilika rangi na kuwa majimaji, anatapika, amejikunyata hana nguvu, anatetemeka au anapata degedege. Daktari anaweza kupiga eksirei akakiona chuma tumboni na dawa za kuyatoa madini mwilini zipo, ila lazima umuwahishe. Kasuku anaficha ugonjwa, ukiona amejikunyata chini ya tundu ujue ameumwa muda.

Hatua ya 4: Milango

Ile midogo ya pembeni ya kuwekea chakula, inayofunguka kwa kuinuliwa juu, hiyo ndo niiogopayo. Kasuku anaiinua kwa mdomo, anatoa kichwa, mlango unamshukia shingoni. Kila mlango wa hivyo ubane na kipini cha chuma cha kufunga kwa nati, hata kama ndege wako hajawahi kuujaribu.

Hatua ya 5: Vitu vya kuchezea (hapa usiharakishe)

Anza na kamba. Kamba mpya haina neno, shida ni ikishafumuka. Uzi mmoja mwembamba kama nywele unajizungusha kidoleni, ndege anavuta, unakaza, kidole kinavimba na uvimbe unaufunika uzi, yaani unaangalia unaona kidole chekundu tu huuoni uzi wenyewe. Kisipowahiwa kinakuwa cheusi na kinakatika. Sasa shika kila kamba, ichambue kwa vidole chini ya taa, nyuzi zilizotoka kata fupi kabisa, na ikiwa imeshakuwa manyoya manyoya tupa. Nyuzi hizo hizo akizimeza zinajikusanya kwenye mfuko wa chakula pale chini ya shingo na zinaziba. Kwa ajili hiyo vile vihema vya manyoya vya kulalia mi navitoa vyote, ndege anatafuna kitanda chake kila usiku na mwenyewe hujui.

Kengele: zile njuga za duara zenye mpasuo toa leo leo, ukucha au ncha ya mdomo inaingia kwenye mpasuo na haitoki. Kengele ya kawaida iliyo wazi chini ni sawa, ila vuta ule ulimi wake, ukicheza cheza toa, wengi wanaung'oa na kuumeza.

Minyororo: tundu la pete ya mnyororo liwe dogo kiasi kidole hakiingii, au kubwa kiasi kinaingia na kutoka bila kugusa. Saizi ya katikati ndo mtego. Na kulabu za springi usitumie kuning'iniza kitu chochote, anazibonyeza na kujinasa mdomo au kope, tumia kiungo cha nati, kaza kwa koleo maana kwa mkono tu ataifungua.

Hatua ya 6: Vijiti na sakafu

Vijiti viwe vya mti wa kawaida usiopuliziwa dawa, unene tofauti tofauti, maana vikiwa vyote saizi moja nyayo zinapata vidonda. Vile vya msasa toa. Chini tandika karatasi, si maranda wala mabua yaliyosagwa, yakilowa yanaota ukungu na ukungu unaingia mapafuni. Kama ana pete mguuni, tafuta ncha yoyote ya waya inayoweza kuishika, kata au pinda.

Hatua ya 7: Mahali tundu linapokaa

Jikoni hapana. Vikaango vya nonstiki vikipata moto sana, kuanzia nyuzi joto 260 za Selsiasi hivi, vinatoa hewa ambayo we huisikii harufu na kasuku anakufa ndani ya muda mfupi sana, na kikaango kitupu kilichosahauliwa motoni kinafika huko ndani ya dakika chache. Moshi wa sigara, uvumba na dawa za mbu za kupulizia navyo mbali. Kama jua linafika, nusu ya tundu iwe na kivuli muda wote.

Hatua ya 8: Mrudishe, kaa naye

Mwangalie saa nzima ya kwanza. Pale atakapong'ang'ania kutafuna, nenda ukapakague tena. Na ikitokea amenasa usimvute, mfunike taulo atulie, mshike mwili usipapatike, mwenzako akate waya au kamba. Ukucha ukivuja damu bana na unga wa ngano au wanga wa mahindi dakika kadhaa, damu isipokata nenda kwa daktari usiku huo huo, ndege mdogo hana damu ya kupoteza. Uzi uliozama kwenye uvimbe usiuchimbe mwenyewe, nao ni wa daktari.