Kabla hujaogopa asilimia kwenye utafiti wa saratani ya matiti

Dada yangu alinipigia simu usiku, sauti imemkauka. Alikuwa amesoma kwamba homoni za ukomo wa hedhi zinaongeza hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 26, na vidonge vyake alikuwa ameshavitupa. Mama yetu aliugua saratani hiyo hiyo, kwa hiyo kwetu neno "hatari" halipiti hivi hivi. Nilitafuta utafiti wenyewe nikausoma penseli mkononi, na hadi leo ndivyo ninavyosoma kila utafiti wa aina hii.

Usianze na hitimisho. Anza na waliochunguzwa: ni akina nani, wana umri gani, walipewa nini hasa. Utafiti uliomtisha dada ni wa mradi wa Marekani uitwao Women's Health Initiative, na matokeo yake yalitoka Julai 2002. Walikuwa wanawake 16,608 wa miaka 50 hadi 79, wote wakiwa bado na kizazi. Wengine walipewa homoni mbili kwa pamoja, estrojeni na projestini. Wengine vidonge visivyo na dawa. Nilipofika hapo nikampigia dada, nikamwomba aokote lile boksi anisomee.

"Estrojeni," akasema.

"Na nini?"

"Estrojeni tu, mdogo wangu."

Dada aliondolewa kizazi miaka mingi iliyopita. Utafiti ule haukumzungumzia yeye kabisa! Wanawake wa hali yake walichunguzwa katika sehemu nyingine ya mradi huohuo. Matokeo yao yalitoka 2004, na humo saratani ya matiti haikuongezeka.

Ukishajua ni nani anayezungumziwa, igeuze asilimia iwe watu. Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea, kwa sababu "asilimia 26" inasikika kama mwanamke mmoja kati ya wanne. Sivyo. Tafuta jedwali linaloonyesha idadi ya waliougua katika kila kundi. Katika utafiti wa 2002, kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, waliougua bila homoni walikuwa 30, na waliotumia homoni 38. Nilichora vitone 38 kwenye karatasi, nikazungushia duara vile 8 vya ziada. Nane ni kama asilimia 26 ya thelathini. Asilimia yote ile inatoka hapo. Sisemi wanane ni wachache. Kila kitone ni mama wa mtu, na hesabu hiyo ni ya mwaka mmoja tu. Lakini mtu anayeona vitone nane kati ya elfu kumi anaweza kukaa akafikiri, na mtu aliyeshikwa na hofu hawezi.

Pembeni ya matokeo utakuta mabano yenye namba mbili. Hapo iliandikwa 1.26, yaani hatari ya waliotumia homoni ni mara 1.26 ya wasiotumia, kisha mabanoni 1.00 hadi 1.59, mipaka ambayo huenda namba ya kweli imo kati yake. Moja maana yake hakuna tofauti kati ya makundi. Namba za mabano zikiwa zimeachana sana, au moja ikigusa 1, soma taratibu.

Uliza pia makundi yalipatikanaje. Mwaka 1926 Janet Lane-Claypon wa Uingereza alilinganisha wanawake 500 wenye saratani ya matiti na 500 wasio nayo, akiwauliza habari za uzazi na unyonyeshaji wao. Njia hiyo imetufundisha mengi, ila inategemea kumbukumbu, na mgonjwa hupekua kumbukumbu zake kuliko mzima. Utafiti wa 2002 uligawa watu kwa kura, ndiyo maana una uzito.

Halafu kuna muda. Ukisoma kwamba mwenye hitilafu ya jeni ya BRCA1 ana hatari ya asilimia 72, malizia sentensi: ni hadi afikishe miaka 80, kwa makadirio yaliyochapishwa 2017, na ni kwa mwenye hitilafu hiyo tu. Mtaalamu wa jeni Mary-Claire King alipoonyesha mwaka 1990 kwamba jeni hiyo iko kwenye kromosomu ya 17, alikuwa akifuatilia familia ambazo wanawake wengi waliugua wakiwa bado vijana. Wagonjwa wengi wa saratani ya matiti hawajarithi hitilafu hiyo.

Mwisho, peleka karatasi yako kwa daktari, na usiache dawa wala kuirudia kwa uamuzi wako mwenyewe. Dada alikwenda na boksi lake na vile vitone vyangu. Daktari alivitazama, akauliza jambo ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kuliandika: mama aligundulika akiwa na miaka mingapi? Ilibidi tumpigie mama mdogo. Arobaini na sita. Daktari akaweka kalamu chini, akaanza kutueleza habari za kipimo cha jeni, kwa sababu ndugu wa karibu aliyeugua kabla ya miaka 50 ni sababu ya kukizungumzia.